Herufi Nne Kwenye Gitaa la Besi

Ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya likizo, saa tisa na dakika ishirini mchana, nilipoketi nyuma ya nyumba yetu hapa Kitengela nikaanza kutoa rangi ya gitaa langu la besi. Nilitaka kumaliza kabla Baba hajafika kutoka Namanga. Hata uongo nilikuwa nimeupanga: rangi imebanduka yenyewe, ni jua.

Gitaa ni la mitumba. Baba alilinunua kwa mwanamuziki mmoja huko mpakani, anakofanya kazi ya kupitisha mizigo ya malori, kisha akalipeleka kwa fundi anayechora magari ya matatu. Lilirudi jekundu, lina miali ya moto, na katikati, kwa herufi kubwa za njano: MAMI.

Mami ni mimi. Nimepewa jina la mama yake Baba, marehemu, na kwetu Wakamba mtoto kama huyo babake humwita mama. Nyumbani sina shida nalo. Lakini siku ya kwanza nilipolipeleka gitaa kwenye kwaya ya kanisa, kijana anayepiga drums alilisoma jina hilo kwa sauti.

"Mami, cheza polepole, maharagwe yataungua."

Kwaya yote ikacheka. Mimi nilichagua besi kwa sababu anayeicheza husimama nyuma ya nguzo, kando ya spika, na hakuna anayemwangalia. Tangu hapo kila Jumapili nikawa nasingizia tumbo ili nisiende.

Nilitoa nyuzi, nikavaa karatasi za mkate mikononi kama glavu, nikapaka dawa ya kutoa rangi. Moto ulitoka vipande vipande kama utando wa maziwa. Herufi zilikataa. Nikachukua msasa, nikasugua mpaka bega likafa ganzi na vumbi la njano likanijaa puani. Nilisugua kwa nguvu kupita kiasi. Kila herufi iliyotoka iliacha bonde kwenye mbao.

Nilikuwa nimebakisha ile I ya mwisho niliposikia geti. Baba alikuja moja kwa moja nyuma ya nyumba, mfuko wa vitunguu mkononi.

"Fundi alikosea wapi?"

Ule uongo haukutoka.

"Hakukosea, Baba. Wananicheka."

"Wanacheka nini? Hiyo ni jina ya mamangu."

Baba aliokota msasa, akauangalia ulivyokuwa wa njano, akaukunja mara mbili na kuuweka juu ya stuli, polepole, kama kitu cha mtu mwingine.

"Nilimwambia apige rangi mara tatu," alisema, "ndio isiwahi kutoka."

Akaingia ndani. Ile I niliimalizia, kwa sababu herufi moja peke yake ilikuwa mbaya zaidi.

Wakati wa chakula aliniita nimpitishie chumvi. Aliniita kwa majina yangu ya shule, yote mawili, kama mwalimu anayesoma rejista. Mama aliinua macho kutoka kwa sahani yake, akayashusha. Nilipitisha chumvi. Tangu nizaliwe sikuwahi kusikia majina hayo kinywani mwa Baba, na nilijua hakuna fundi wa kulirudisha lile lingine.

Asubuhi nilirudisha nyuzi, nikaenda kanisani na gitaa likiwa mbao tupu. Yule wa drums alilitazama.

"Na Mami ameenda wapi?"

Wimbo wa kwanza ulipoanza nilitoka nyuma ya nguzo, nikavuta waya mpaka ulipofika, nikasimama mbele ambapo kila mtu angeniona. Mkono wangu ulikuwa umelala juu ya yale mabonde manne na niliyahisi yote. Baba alikuwa benchi la pili. Nilicheza mpaka ubeti wa mwisho nikimwangalia, na yeye alikuwa ameinamia kitabu cha nyimbo, kwenye ukurasa ambao hatukuwa tunauimba.