Mkanda Uliokatikia Njia ya Mgeta

Mwanvita Dadi amefanya ufundi wa baiskeli Kihonda, Morogoro, kwa miaka kumi na tisa. Mteja mgeni akiuliza fundi yuko wapi, yeye hujifuta grisi mikononi na kumwambia, "Unaongea naye."

Masika iliyopita, Raphael, mfanyabiashara wa mjini, alimletea baiskeli isiyo na cheni. Badala yake ilikuwa na mkanda mweusi wenye meno, na gia zote zilifichwa ndani ya habu, kile kitovu cha gurudumu la nyuma.

"Haitaki oili wala haishiki kutu," Raphael alisema. "Nataka kuwauzia wapandisha mizigo wa milimani. Niambie ukweli, dada, itafaa?"

"Maneno hayapandi mlima. Niachie."

Kesho yake aliifunga gunia la mbolea, akamkabidhi Agustino, mpandisha mizigo wa siku nyingi wa njia ya Mgeta. Yeye akafuata na baiskeli yake ya cheni, isiyo na mzigo. Mvua ilikuwa imenyesha. Penye tope, cheni ya Mwanvita ilianza kusaga mchanga, ikaruka meno, akashuka kusukuma. Agustino alizungusha tu gia kwenye usukani, akaendelea kukanyaga huku amekaa. Mwanvita alimwangalia akipotelea kwenye kona, akajikuta anacheka peke yake kwa furaha.

Wakati wa kurudi, jiwe lenye ncha likaingia kati ya mkanda na meno. Mkanda ukakatika.

"Unganisha basi, fundi," Agustino alisema.

"Cheni ningeiunganisha hapa hapa. Huu hauungiki."

Walizikokota baiskeli mpaka mjini. Raphael alipopiga simu kuulizia mkanda mwingine, hakuupata Morogoro wala Dar. Akakata tamaa. "Basi, biashara imekufa."

"Haijafa. Kilichompandisha Agustino si mkanda, ni gia zile za ndani. Nipe siku mbili."

Mwanvita alifungua gurudumu la nyuma, akatazama jinsi gurudumu dogo la mkanda lilivyoshikwa kwenye habu: vijino vitatu tu. Akachukua sproketi, gurudumu dogo la meno la cheni ya kawaida, akaipiga tupa hadi ikakaa barabara. Ya mbele nayo akaibadilisha, akaipanga isimame mstari mmoja na ya nyuma, kisha akavalisha cheni nene ya baiskeli za mizigo.

Siku ya tatu Agustino alipanda tena, safari hii na magunia mawili. Saa tano asubuhi simu ya Mwanvita ikaita.

"Nimefika juu, fundi! Sijashuka hata mara moja!"

"Cheni je?"

"Imechafuka, lakini inavuta."

"Ifute, uitie oili. Ikikatika, unajua la kufanya."

Kisha akampigia Raphael. "Agiza habu," alimwambia. "Mikanda waachie wenye lami."

Raphael aliagiza kumi na mbili. Mwanvita alizifunga zote kwa mkono wake.