Mwogeleaji Bora wa Kota Laka

Kwa miaka kumi na tisa Sajini Sandalio Chambilla alifundisha kuogelea bila kulowa. Aliwapanga kuruta uwanjani, akawalaza kifudifudi juu ya mabenchi ya bwalo, akapuliza filimbi, nao wakapiga miguu hewani huku akipita katikati yao kuwasahihisha. "Nyoosha magoti! Wewe, unaogelea au unakanda unga?" Vitabu vya kuogelea alivisoma vyote. Lakini ziwani hakuwahi kuingia kupita magoti, na siku alizolazimika kupanda boti alikaa katikati, akashika ubao kwa mikono miwili, akajifanya anatafakari.

Usimcheke haraka. Alizaliwa Pacajes, kwenye nyanda za juu, ambako watu huoga kwa beseni. Alipoitwa jeshini alijiunga na askari wa miguu wa majini kwa sababu foleni yao ilikuwa fupi. Wageni hutushangaa: bahari yetu ilichukuliwa vitani enzi za mababu wa mababu zetu, na bado tuna jeshi la majini, lina admirali, lina vikosi kuanzia Ziwa Titicaca hadi mito ya kaskazini. Waache washangae, kazi ipo. Wa mitoni huwakimbiza watu wa magendo, na mafuriko yakija huwatoa wanakijiji juu ya mapaa. Sisi wa ziwani hulinda mpaka na kuvusha wagonjwa, na kila mwezi wa Machi, Siku ya Bahari, huvuka mlango wa ziwa na bendera mbele ya umati ili ionekane kwamba hatujasahau. Katika kambi yetu ya Kota Laka wengi wa wanaovuka hawajui kuogelea. Hilo halisemwi.

Siri ya Sandalio aliijua mkewe, Eulalia, na mtu mwingine mmoja tu, Sajini Rómulo Yubánure. Huyu alitoka Beni, chini kwenye joto, alikokulia mtoni. Alikuwa mnene, mcheshi, adui wa baridi, na majini alikuwa samaki. Ndiye aliyemshika binti wa Sandalio siku ya ubatizo, na tangu hapo wakaitana kompadre.

Mambo yaliharibika alipokuja kapteni mpya, Iturralde. Aliagiza kwamba hakuna atakayepandishwa cheo kuwa sajini meja bila kuogelea mita mia moja ziwani, yeye mwenyewe akiwa gatini na saa mkononi. Sandalio alikuwa amekingoja cheo hicho miaka saba. Bila hicho angestaafu mwaka ule ule, arudi Pacajes kwenye viazi, na Eulalia ahame nyumba ya kambi.

"Mwambie ukweli," alisema Eulalia.

"Nimwambieje? Miaka kumi na tisa nafundisha!"

"Basi nenda ukazame."

Rómulo aliliona jambo zima kuwa la kuchekesha. "Kompadre, utaratibu si ni kofia za mpira zenye namba? Toka gatini huoni sura, unaona vichwa vinavyoelea. Nikimaliza zamu yangu, nipe kofia yako nyuma ya matete, niingie mara ya pili."

"Utashtukiwa. Wewe unakwenda mbio mno."

"Nitaogelea kama bibi kizee, naapa kwa mama yangu. Ila utanipikia samaki, na usininyime pilipili."

Siku ya mtihani Sandalio alijibanza ndani ya matete, anatetemeka ingawa alikuwa mkavu. Rómulo aliingia mara ya pili akiwa tayari ameshapoa mpaka kwenye mifupa. Alikusudia kwenda polepole, lakini maji yalimng'ata, akasahau kiapo na mama yake pia, akakata maji kama anayefukuzwa ili atoke upesi. Kofia ya Sandalio ilifika mbele ya zote. Jioni ile muda wake uliandikwa kwa rangi nyeupe kwenye ubao wa bwalo, juu kabisa, ukiupita hata wa Rómulo.

"Wewe mtu una akili kweli?" Sandalio alimfokea wakiwa peke yao.

"Kompadre, yale maji hayana utu," alijibu Rómulo, meno yakigongana, na wakacheka mpaka wakashika mbavu. Hiyo ndiyo ilikuwa mara yao ya mwisho kucheka namna hiyo.

Wiki iliyofuata orodha ya Siku ya Bahari ilibandikwa. Boti ya shada la maua: nahodha, Sajini Yubánure. Mwokoaji, atakayesimama mbele na kamba kiunoni: Sajini Chambilla.

Alikwenda mpaka mlango wa kapteni mara mbili. Mara ya kwanza aligeuka. Mara ya pili aligonga, akaingia, akapiga saluti, na kabla hajafungua kinywa kapteni alisimama na kumpa mkono.

"Chambilla! Najivunia wewe. Hawa vijana wa nyanda za juu wanadhani maji ni ya watu wa Beni peke yao. Sasa kila asubuhi nawaonyesha ule ubao. Ulikuwa na shida?"

"Hapana, Afande," alisema Sandalio. "Nilikuja kushukuru."

Sitamtetea. Aliogopa aibu kuliko maji, na wengi wetu tuko hivyo hivyo. Alichofanya ni kumwomba Rómulo amfundishe. Zilibaki wiki tatu, na kila alasiri, nyuma ya matete, yule mnene alisimama kwenye maji ya kifua, anakufa kwa baridi, mikono yake chini ya mgongo wa rafiki yake.

"Legea. We, nimesema legea! Umekakamaa kama kuni."

"Nitazama."

"Umelala mikononi mwangu, utazamaje?"

Siku tatu kabla ya sherehe Sandalio alielea peke yake, uso juu, kwa muda wa kuhesabu kumi. Rómulo alipiga kelele za furaha mpaka bata wakaruka. Sandalio alitoka majini akitokwa na machozi, akasema ni ya baridi.

Ikafika Siku ya Bahari. Bendi ilipiga, watoto wa shule walipunga vibendera, na boti sita zikatoka kwa mstari. Askari wote walivaa sare za gwaride na viatu vizito. Maboya ya kujiokolea yaliachwa ghalani kwa sababu yaliharibu sura ya gwaride. Katikati ya mlango wa ziwa Rómulo alipunguza mwendo, akasimama kusaidia kuinua shada. Boti ya nyuma haikuwahi kupunguza. Iliwagonga, si kwa nguvu sana, lakini Rómulo alikuwa amesimama. Alianguka, kisogo kikapiga ukingo, akaingia majini bila hata kupiga ukelele.

Watu wanne waliobaki botini walimgeukia Sandalio.

Alijirusha. Hili liandikwe vizuri, maana ni kweli: hakusita. Alipiga moyo konde akajirusha, na ziwa likamfunika, na yote aliyoyafundisha miaka kumi na tisa yakamtoka. Alipiga mikono, akameza maji, akaenda chini, akaibuka, akaenda chini tena. Mara moja vidole vyake viligusa kitambaa, labda mkono wa sare, kikateleza kikapotea. Kule juu wenzake waliona maji yakichafuka kwa vurugu.

"Kamshika! Kamshika! Vuteni!"

Wakaivuta kamba, wote wanne, kwa nguvu zao zote, wakimshangilia. Hakuna aliyeangalia upande mwingine. Kilichotoka majini kilikuwa Sandalio peke yake, anatapika. Walipoigeuza boti kutafuta upya, maji yalikuwa yametulia na shada lilikuwa linaelea. Rómulo alipatikana siku ya tatu kwenye matete.

Ripoti ilisema kwamba Sajini Chambilla, mwogeleaji bora wa kambi, alihatarisha maisha yake na kushindwa na baridi na uzito wa mwenzake. Mwezi wa Mei alipandishwa cheo mbele ya kikosi kizima. Eulalia alimpigia sare pasi, akaitundika mlangoni, na kwenye sherehe hakwenda. Usiku alilala akiwa amempa mgongo. Sandalio alikuwa anaumia, tena anaumia sana, na hakuwa na mtu wa kumwambia, kwa kuwa yule wa kumwambia ndiye aliyekufa.

Wiki mbili baadaye alikuja mama yake Rómulo, Bi Asunta, amepanda mabasi kwa siku mbili, amejifunika blanketi la kuazima. Kapteni alimpokea ofisini, akamwita Sandalio.

"Mama, huyu ndiye aliyejirusha kumwokoa mwanao."

Bi kizee alimshika mikono yote miwili, akaibusu. "Mungu akulipe, baba. Ulifanya ulichoweza. Maji yakikataa yamekataa." Kisha akamtazama usoni. "Nina swali moja. Mwanangu alikuwa akinipigia simu kila Jumapili. Alisema ana rafiki hapa, mtu mzima, askari, hajui kuogelea. Anamfundisha kwa siri. Jina hakunitajia, alisema siri si yake. Mara ya mwisho alinipigia anacheka mpaka analia: 'Mama, leo ameelea! Kahesabu kumi!' Alikuwa na furaha, baba, kama amepata mtoto." Alifungua mfuko wake, akatoa kifurushi cha unga wa muhogo wa kukaanga, kimefungwa kwa kitambaa. "Huu niliusaga nikimkusudia huyo. Nataka nimwone, nimshike tu mkono. Unamjua?"

Kapteni alikuwa amekaa pembeni, anasubiri naye. Nje kuruta walikuwa wanapanga mabenchi.

"Namjua, mama," alisema Sandalio.

"Yuko wapi?"

"Alihamishwa. Yuko kikosi cha mtoni, mbali."

"Masikini. Na kuogelea, alishajua?"

"Hapana, mama. Hakujua."

"Basi mpelekee." Akamwekea kifurushi mikononi. "Mwambie asiache kujifunza."

Alipokea kwa mikono miwili, akapiga saluti, akatoka. Kifurushi alikiweka chini ya benchi la kwanza. Kisha akawalaza kuruta kifudifudi, akapuliza filimbi, nao wakaanza kupiga miguu hewani.