Jenereta Iliyokwenda Kwenye Kilio

Yule mama alifika ofisini kwetu mjini Baraka Jumatatu asubuhi, kitenge kimelowa mpaka magotini. Alikuwa ametoka Lulimba, sehemu kubwa ya njia kwa miguu. Hakungoja kukaribishwa kiti.

"Papa, banasema mulipiga mutoto yangu picha hapa. Ni mutoto mwanamuke, wa miaka ine. Iko fasi gani, iko wapi?"

Kazi yetu ilikuwa kuandikisha watoto waliopoteana na wazazi wao watu wakikimbia vita. Mwenzangu alijaza fomu, mimi nilipiga picha, na familia iliyokubali kumchukua mtoto iliandikwa hapo hapo: majina, simu, kijiji wanakoelekea. Karatasi zenyewe tulizichoma tulipokwisha kuziingiza kwenye mashine. Huku kwetu huachi majina ya watoto kwenye rafu wakati hujui kesho ataingia nani mlangoni. Kwa hiyo kila kitu kilikaa kwenye diski ya pamoja, sanduku jeusi lililokuwa kwenye kona ya chumba changu, na kompyuta zote za Baraka na za kituo chetu cha Fizi zilichota humo. Aliyelitunza sanduku hilo ni mimi.

"Kaa kwanza, mama," nikamwambia. "Tutatafuta."

Nilijua hakuna cha kutafuta. Radi ilikuwa imelipiga lile sanduku Alhamisi na kuua diski zake zote. Mkuu wetu aliponiuliza kama nakala ya akiba ipo, nilimjibu upesi kwamba ipo. Kisha nikajifungia siku tatu nikiipekua, na nilichokuta humo kilikuwa nusu ya nakala.

Kwanza nililaumu waya, nikaubadilisha. Nikalaumu joto, nikalaumu virusi, nikawalaumu wenzangu wanaojaza video za kwaya zao humo kana kwamba diski ni kanisa. Mwenye kosa huwa na bidii sana ya kutafuta la mwenzake. Jumapili ndipo nilipofungua ukurasa ambamo mashine huandika yenyewe kila inachofanya, ukurasa niliopaswa kuusoma kila wiki. Ijumaa: kazi imeanza. Chini yake: imekataliwa, kazi ya awali haijaisha. Ijumaa nyingine vilevile. Majuma matano. Na mimi kila Ijumaa nilitazama taa ya kijani ikiwaka, nikachukua kofia yangu, nikaenda zangu. Niliangalia inavyoanza, sikuwahi kuangalia inavyoisha.

Nikapanda na ukurasa kwenda juu mpaka kwenye kosa la kwanza. Ilikuwa Jumamosi, saa tatu asubuhi. Sikuhitaji kalenda. Ni siku tuliyomzika mama yangu.

Hapa Baraka ofisi yenye jenereta hainyimi kilio. Haiandikwi barua wala haiombwi ruhusa. Akifa mtu wa ofisi au wa jirani, mlinzi anaitoa, vijana wa mtaa wanaipakia kwenye kitoroli, na inakwenda kuwasha taa na spika mpaka matanga yaishe. Nimeipeleka mwenyewe kwa watu wengi, Wakristo na Waislamu. Kuikataa ni kusema maiti wa mwenzako si kitu. Sola yetu ilitosha simu na kompyuta, lakini lile sanduku liliishi kwa jenereta, na nakala ilichukua tangu Ijumaa mchana mpaka Jumapili.

Asubuhi ile nilikuwa nyumbani, nimesimama kwenye mlango wa chumba alimolazwa mama, wanawake wakimwosha. Mlinzi wetu akanipigia simu kuhusu jenereta.

"Papa, tumekuya kubeba groupe. Lakini machine yako iko inatumika, taa yake inawaka-waka. Nizime?"

Nikasema, "Zima."

Neno moja, na sikulifikiria. Ningeweza kumwambia angoje. Ningeweza kuomba jenereta ya jirani, naye asingeninyima. Na hata kuzima si kosa lote. Diski ya akiba ilikuwa ndogo, haikubeba nakala mbili, kwa hiyo nilikuwa nimeiamuru mashine ifute nakala ya zamani kabla ya kuandika mpya. Nilikuwa nimeiamuru pia ianze na vitu vyepesi, na picha zije mwisho kwa uzito wake. Ndiyo maana zilipona hesabu za mafuta ya gari, zikapona barua za likizo, ikapona hata orodha ya viti. Fomu za watoto, zilizoshikana na picha zao, hazikuwa zimefikiwa. Mficha maradhi kilio humfichua, na kilio chenyewe kilikuwa kimeketi mbele yangu, kikinitazama mikono.

"Mama," nikasema, "picha haiko. Fomu nayo haiko. Bilipotea."

Akanitazama kama mtu anayengoja sentensi iishe.

"Lakini njo weye, weye mwenyewe, ulimupiga picha. Haukumbuke? Iko na alama hapa, chini ya kidevu. Alianguka ku jiwe ya kusagia."

Nikajaribu. Naapa nilijaribu. Zilinijia nyuso nyingi, za watoto waliolia na za wale waliokuwa wamechoka kulia, wote wamesimama mbele ya ukuta ule ule wa buluu wa ofisi yetu. Kidevu chenye alama sikukiona. Mwenzangu aliyejaza fomu alikumbuka jambo moja tu, kwamba mwezi mtoto alipopotea familia nyingi zilipanda mitumbwi kuelekea Kazimia, na kwamba kutoka Kazimia watu hutawanyika.

Hapo nikamweleza yote. Nikamwambia kuhusu jenereta, kuhusu simu, kuhusu "zima". Sijui kwa nini. Nadhani nilitaka anitukane, nipate cha kubeba kinachobebeka.

Akaniuliza:

"Mama yako, mulimuzika muzuri?"

"Ndiyo, mama. Bantu balikuwa bengi."

"Ni muzuri," akasema. "Pole, papa. Pole sana kwa mama."

Nikavuta kompyuta, nikafungua fomu mpya, na tukaanza. Jina la mtoto. Jina la baba, marehemu. Mahali walipopoteana: kwenye njia ya kuteremka, pasiposikika chochote ila risasi. Tukafika kwenye mraba wa picha, nikataka kuuruka, lakini yeye alikuwa ameshauona uko mtupu.

"Hapo munatiyaka sura?"

"Ndiyo, mama. Mutoto anafanana je?"

Akafikiri. Kisha akafuta uso kwa ncha ya kitenge, akasukuma kiti mpaka kwenye ukuta wa buluu, akakaa wima.

"Anafanana na miye," akasema. "Unipige miye."

Nikampiga picha.