Mkono wa Hashi

Ukipita Bisil siku ya mnada miaka ile, ungemwona Hashi akitembea mkono kwa mkono na mwanamume mwenzake, kama watoto waliotumwa dukani. Huyo mwenzake alikuwa Parsaoti, Mmaasai mwenye mbuzi wengi na asiye na haraka. Vumbi lilipanda likakaa hewani kama moshi wa ubani, nao wakalizunguka soko, wakafika hadi kisimani, wakarudi. Mgeni angecheka. Wenyeji walishazoea.

Tangu ujana wake kule Kismayu, Hashi alikuwa dalali wa mifugo. Wasomali wakiuziana wanyama hawatangazi bei. Dalali, kwa niaba ya muuzaji, hushikana mikono na mnunuzi chini ya kitambaa, vidole vikaongea, na aliyesimama kando haambulii kitu ila kutazama nyuso. Wakielewana, mikono inaachana, na biashara imekwisha. Vidole vya Hashi, watu walisema, havijui uongo.

Halafu mwaka wa tisini na moja vita vikaja. Walitoka kwa miguu kuelekea mpaka wa Kenya, Khadijo mkewe akiwa amembeba Ifrah mgongoni, na Jeylani, kifungua mimba wao, akiwa ameshikwa mkono na baba yake. Njiani risasi zikalia kutoka vichakani. Hashi akamwinua mtoto begani, wala hakuuachilia ule mkono, akatembea, akatembea, hata walipofika penye kivuli Khadijo akamwambia, "Hashi, mweke chini sasa." Hakumweka. Ilibidi wazee wamfungue vidole, kimoja kimoja, ndipo mtoto akazikwa.

Basi mkono ukabaki huko.

Walifika Kitengela kwa kaka yake Khadijo, mwenye duka la vitambaa, wakakaa katika nyumba ya mawe inayotazama uwanda. Hashi aliswali, alikunywa chai, aliwajua mbuzi wake kwa sauti. Lakini akishika mkono wa mtu, hakuweza kuuachia. Kule Bisil alijaribu udalali tena, mnunuzi akapiga kelele, watu wakaja kuvuta huku na huku, na kadiri walivyovuta ndivyo alivyozidi kubana. Siku hiyo Parsaoti aliwapangua wote, akamtoa yule mnunuzi kwa kuingiza mkono wake mwenyewe mahali pake.

"Kwetu mnyama akigoma humvuti," akasema. "Unatembea naye. Twende, mimi sina shughuli."

Wakatembea mpaka mkono ukalegea wenyewe, kama wa mtoto aliyelala. Tangu hapo, kila mnada, salamu ya Kimaasai: "Sopa, Hashi!" "Epa!" Na Parsaoti anautoa mkono wake, akijua. Wengine wote Hashi aliwasalimu kwa kiganja kifuani.

Miaka ikaenda. Mwaka wa elfu mbili na tisa Ifrah akaposwa na Ahmednasir, kijana wa Kajiado. Na katika kuoza, baba humshika mkono bwana harusi wakati sheikh anasoma.

"Kaka yangu atasimama badala yake," Khadijo alisema jikoni. "Wale wa Kajiado wakiona, watasema nyumba hii ina wazimu. Watarudi kwao na posa yao."

"Hooyo, Aabo yuko hai," Ifrah akamjibu mama yake. "Niozwe kama yatima kwa nini?"

Jirani yao Mbeke, aliyekuja kumenya viazi, akaingilia. "Mwacheni mzee! Akimshika huyo kijana asimwachilie, si ndiyo vizuri? Wanaume wa siku hizi wanatoroka."

Wakacheka, hata Khadijo, huku macho yamemlowa.

Hashi alikuwa nje kwenye mkeka, akisikia yote. Mbali uwandani nyumbu walipita kwa mstari ndani ya mazigazi, miguu yao haigusi chini, kama watu wanaouendea mpaka wasioufikia. Alikitazama kiganja chake muda mrefu. Kisha akasema, bila kugeuka, "Nitamwoza mimi."

Siku ilipofika, mkono wake uliingia katika mkono wa Ahmednasir, kitambaa cheupe kikafunika juu. Sheikh akasoma. Hashi alifumba macho, na ile barabara ikaja, na kile kivuli. Watu wakasema amin.

Mkono haukufunguka.

Wageni wakangoja. Mmoja akakohoa, mwingine akamnong'oneza jirani yake. Kaka yake Khadijo akainama, vidole tayari, na Hashi alipoviona vile vidole vikija kumfungua, akabana zaidi, jasho likimtiririka.

"Mzee, acha," Ahmednasir akamwambia yule kaka. Kisha akamgeukia Hashi. "Aabo, Ifrah alinieleza. Twende tukawaone mbuzi."

Wakainuka. Parsaoti, aliyekaa mlangoni na rungu lake, akakunja miguu wapite.

Wakatembea nyasini, kitambaa kikining'inia katikati yao. Upepo ulikuwa mdogo. Hashi akaanza kuhisi kitu, polepole, kama mtu anayesikia maji mbali: mkono huu ulikuwa unatoka jasho. Ule mwingine, njiani, ulikuwa ukipoa kila walivyotembea. Huu ulizidi joto.

Mwanambuzi akalia. Alikuwa amenasa mguu kwenye waya wa ua. Hashi akapiga magoti, akainua waya kwa mkono mmoja, akautoa mguu kwa mwingine. "Polepole, wewe. Polepole." Kitambaa kilikuwa kimelala nyasini. Ahmednasir alisimama kando, akijipangusa kiganja kwenye kanzu.

Walirudi Hashi akiwa amemkumbatia yule mwanambuzi. Khadijo alikuwa mlangoni. Aliitazama mikono miwili ya mumewe, akavuta pembe ya mtandio akafuta uso.

"Haya!" Mbeke akaita kutoka jikoni. "Mmeenda wawili mkarudi watatu!"

Hashi akamkabidhi mkewe mnyama. Akawaendea wageni wa Kajiado waliokuwa wamesimama, na badala ya kuweka kiganja kifuani, akamnyooshea mkono aliye karibu, babake Ahmednasir. Mkono ulichelewa. Khadijo akambana mwanambuzi kifuani. Ukachelewa tena kidogo, kisha ukaachia.