Askari Anayejulikana

Kwa miaka thelathini na moja Fundi aliandika vibao vya mji mzima. Saluni, duka la dawa, shule ya chekechea. Na nusu ya zile USIKOJOE HAPA zilizoko ukutani ni za mkono wake, ingawa hakuna ushahidi kwamba kuna aliyewahi kuzitii. Hakukosea herufi hata moja. Alipostaafu, magoti yakilia kama bawaba, akajiunga na watu wa kujitolea wanaotunza makaburi ya jeshi kila Jumamosi asubuhi. Wenzake hung'oa majani na kusugua mawe. Yeye hupita nyuma yao na kopo la rangi nyeusi, akirudishia maandishi yaliyofifia.

Kiongozi wao, nesi mstaafu wanayemwita Sista, ana sheria moja: hakuna kugusa kaburi kabla ya kumwita mwenyewe kwa jina.

"Hata wodini sikumchoma mtu sindano bila kumwita," husema. "Na yule angalau aliweza kupiga kelele."

Shida ilikuwa safu ya mwisho, ambako mawe yote yana maneno yaleyale: ASKARI ASIYEJULIKANA.

"Hawa niwaiteje?" Fundi aliuliza siku ya kwanza.

"Ita 'mwanangu'. Hawatakusahihisha."

Fundi hakuita hivyo. Alikuwa na mdogo wake, mwembamba, nyumbani wakimwita Njiti, aliyekwenda vitani akiwa na miaka kumi na tisa. Barua ya jeshi ilisema hajulikani alipo. Kitanda chake mpaka leo kimetandikwa. Wageni wakija hulala sakafuni, wala hawaambiwi kwa nini. Basi katika safu ile Fundi aliinamia kila jiwe na kunong'ona, "Njiti, ni mimi." Kisha alisubiri kidogo, kama mtu aliyebisha hodi.

Jumamosi moja, kwenye jiwe la saba, alisubiri zaidi ya kawaida. Kisha akaandika, akaosha brashi, akaenda zake.

Wiki iliyofuata Sista alimpokea getini. "Fundi, njoo usome kazi yako."

ASKARI ANAYEJULIKANA.

"Mkono umeteleza," Fundi alisema.

"Mkono wako huo?" Sista hakucheka. "Rekebisha leo."

Herufi mbili tu. Fundi alifungua kopo, akalifunga, akalifungua tena. Kuandika SI pale kulikuwa kumpoteza mdogo wake mara ya pili, na safari hii kwa mwandiko wake mwenyewe.

Akiwa bado amechuchumaa, akatokea mama mmoja mwenye mkongojo, ambaye kila mwezi hupita safu ile polepole kama anayekagua. Alisoma jiwe. Akasoma tena.

"Baba, huyu anajulikana na nani? Mwanangu naye hakurudi. Anayemjua huyu ni nani, nikamuulize?"

"Ni mimi, mama."

"Ni wako?"

Neno 'ndiyo' lilikuwa tayari mdomoni. Lakini akilitoa, mama huyu angebaki na jiwe moja pungufu la kutumainia.

"Sijui, mama. Nilimwita, nikadhani ameitika."

Mama alijishusha taratibu, akakaa kwenye ukingo wa kaburi. "Wa kwangu huitika jikoni," alisema, kama anayesema mvua imekatika. "Nikigeuka, hakuna mtu. Andika, baba. Nitakushikia kopo."

Fundi akakwangua NA, akaandika SI. Mkono haukutetemeka hata kidogo, na hilo lilimuudhi.

Rangi iliyokwanguliwa haitoki yote. Asubuhi, jua likiwa bado chini, ukisimama kushoto mwa jiwe la saba utaona NA ikichungulia nyuma ya SI. Sista ameiona, akaendelea kung'oa majani. Mama yule siku hizi husimama upande huohuo wa kushoto, kwa muda mrefu. Fundi anayo rangi ya kuifunika, ila kila Jumamosi anaisahau nyumbani.