Mwethya wa Jino

Jino hilo lilinitesa mpaka nikalichukia kama mtu. Nilikuwa mama kijana pale Kilungu, miaka ya sabini, na kwa ujinga wangu nililishindilia tumbaku na chumvi vile nilivyoambiwa. Wapi! Shavu lilifura, jicho likafunga, na asubuhi moja hata mate hayakupita kooni. Mtoto alikuwa bado ananyonya. Mama mkwe aliniangalia akasema, "Hii sasa ni ya kufa."

Akanikokota mpaka Nunguni, kwa daktari wa meno. Karani wa mlangoni hata hakuinua macho. "Lipeni kwanza." Tungelipa na nini? Kwenye benchi wagonjwa wengine walikuwa wameshika mashavu, nao wameambiwa hivyo hivyo. Nilichemka, lakini mdomo haukufunguka nimtukane.

Mama mkwe hakubishana. Alinikalisha hapo akatoka, nikadhani ameniacha nife. Kumbe ameenda kuita kikundi chetu cha mwethya, kilichokuwa kinachimba matuta shamba moja karibu na soko. Kwetu mwethya hauna mshahara: leo mnanilimia mimi, kesho nawalimia nyinyi. Na ukichimbiwa halafu usirudishe kwa kazi yako, hakuna atakayekanyaga kwako tena, hata ukifiwa.

Nikasikia nyimbo. Wanawake waliingia uani na majembe bila kuuliza mtu. Mvua ilikuwa imekata korongo mbele ya mlango, hata gari la daktari lilikuwa linaachwa barabarani. Wakaanza kuchimba mtaro wa maji na kujaza mawe kwenye korongo. Karani, mtu wa mbali, akacheka sana.

"Waache wachimbe, si ni bure!"

Bure! Maskini, hakujua.

Daktari alikuwa mwana wa vilima hivi hivi vyetu. Alichungulia dirishani, akatoka mbio na koti lake jeupe.

"Akina mama, nani amewaita?"

"Hakuna," mama mkwe akajibu, jembe halisimami. "Tumekuchimbia tu, mwanetu."

Alishika kiuno, akautazama mtaro, kisha akacheka kicheko cha mtu aliyeshikwa. "Haya basi. Nani anaumwa?"

Alinidunga sindano, akavuta. Usaha ulitoka mpaka nikaona haya. Kisha nikameza mate. Nikameza tena, nikalia kwa furaha kama mtoto, kwa sababu nilijua mtoto wangu hatalelewa na mtu mwingine.

Daktari akanawa mikono, akatoka nje kwa mama mkwe. "Mama, sasa hakuna deni."

"Ati nini?" Mama mkwe alielekeza jembe kwenye benchi. "Hebu angalia urefu wa huo mtaro, mwanangu. Huo ni wa jino moja?"

Wanawake wakapiga vigelegele. Daktari alivuta pumzi, akaufungua mlango wote.

"Anayefuata!"

Benchi lote likasimama.