Siku Niliyoukimbia Mchezo Wangu Mwenyewe

Naona haya kuisimulia, lakini mtaa mzima wa Silanga unajua, kwa hivyo heri mwisikie kutoka kwangu: niliunda mchezo, halafu nikaukimbia mpaka kiatu kimoja kikabaki njiani.

Mimi ni Mwende, fundi wa simu pale steji ya Kawangware 56. Pamoja na rafiki yangu Wafula, anayeishi Silanga, tulitengeneza bangili za kuchezea tapo, ule mchezo wa kufukuzana, ila wetu hauna ubishi wa nani kaguswa (na mnajua tapo ikiisha bila ngumi ni bahati). Anayefukuza, bangili yake inawaka nyekundu na kulia. Akimkaribia mwenzake, wekundu unahamia kwa huyo, bila waya wowote! Nilikuwa silali kwa furaha.

Tulichokosa ni uwanja. Madam Ayuma, mwalimu mkuu wa shule moja karibu na steji ya Olympic, alikubali kuja Silanga Jumamosi kutazama vijana wakicheza; akiridhika, atufungulie uwanja wa shule likizo yote.

Sasa hapo ndipo nilipojiharibia. Tulipojaribu kwetu Kawangware, kwenye ploti ya nyumba za mawe, kuta zilimeza mawimbi na bangili zikawa zinazubaa, basi nikaziongezea nguvu kidogo (sawa, si kidogo).

Silanga kuta ni za udongo na watu wamebanana. Wafula alipopuliza filimbi ya kuanza, nilikuwa kwa wauza mboga nikimweleza Madam jinsi wekundu unavyohama kwa mpango, mmoja mmoja, na huko vichochoroni ukahama kwa wote mara moja, ukapita ukutani, ukarudi, kila bangili ikipiga mayowe na kila kijana akimkwepa mwenzake bila kujua nani anamfukuza nani. Mama mmoja akawaona, akafunika nyanya zake, akatoka mbio. Muuza makaa akamfuata. Vibanda vikafungwa pwa pwa pwa, mtu akapaza sauti, "Wanakuja!", na mimi, mtaalamu, nikamwacha Madam katikati ya sentensi nikakimbia na umati mpaka kwenye mashamba ya sukuma wiki kando ya bwawa.

"Mathe," nikamuuliza yule mama wa nyanya nikihema, "tunakimbia nini?"

"Kwani huoni? Kuna watu wamevaa vitu vinawaka mkononi! Sijui ni nini na sitaki kujua!"

"Wako wapi?"

Mathe alikuwa anatazama mkono wa sweta yangu, uliokuwa uking'aa nyekundu na kulia (kumbe bangili niliyovaa ililia njia nzima). Akarudi nyuma, na umati wote ukarudi nyuma naye.

"Ni tapo tu, mathe."

"Tapo? Umenikimbiza na goti hili bovu juu ya tapo?"

Wafula akafika, akacheka mpaka akakaa chini. "Fundi, hata wewe? Si ni wewe ulitengeneza?"

Na nyuma ya mathe, viatu mkononi, tope mpaka magotini, alisimama Madam Ayuma. Nikajua uwanja umeenda.

"Mwende," akasema, "uwanja nitawapa."

Nikaruka. "Asante, Madam! Umeupenda?"

"Sijauona. Nawapa kwa sababu hapa mtatuua. Na kwanza mpande hii sukuma mliyokanyaga."

Tulipanda, mathe akituelekeza kwa fimbo. Tangu hapo nimeapa: siongezi nguvu ya bangili kabla ya kuijaribu pale pale itakapochezewa. Ila nikiona watu wa Silanga wanakimbia, nitakimbia tena, na kuuliza nitauliza mbele ya safari.